KIJANA MREFU NA SAFARI YA NG'AMBO

Somo la vikundi: lisomwe kwa sauti, lijadiliwe, halafu katibu aandike mliyokubaliana

Mmezoea kupata kwetu masomo ya mboji, mbuzi wa maziwa na kuweka akiba. Leo tutazungumza juu ya mpira wa vikapu. Msishangae. Mchezo huu umeanza kuingia katika daftari zetu za akiba na hata katika mashamba yetu, kwa hivyo ni jambo la maendeleo kama mengine.

Lengo la somo: Mwisho wa somo kikundi kiweze
(a) kueleza jinsi kazi ya mchezaji mrefu inavyokwenda huko ng'ambo;
(b) kupima ombi la pesa za safari ya kijana;
(c) kumsaidia kijana bila kuuza kinacholisha nyumba.

Muda: Mikutano miwili. Sehemu ya kwanza mpaka ya nne katika mkutano wa kwanza, zinazobaki katika mkutano wa pili.

1. JAMBO LENYEWE

Si mnajua, zamani kijana akirefuka kupita wenzake tulimtania kwamba huyo ni wa kuangua maparachichi bila ngazi. Siku hizi anaambiwa, "Wewe ni wa Marekani." Anaambiwa sokoni, anaambiwa shuleni, mwisho anaambiwa na mtu mwenye faili na simu mbili.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitale kilituita kwa sababu ya jambo hilo. Mama mmoja, mjane, mwanachama mwaminifu ambaye hajawahi kukosa mchango, aliomba akopeshwe shilingi 350,000. Kijana wake wa miaka 17 alikuwa ameshapita kimo cha mlango wa nyumba yao. Ajenti alikuwa amekuja na barua yenye muhuri, akasema kuna shule Marekani inamngoja, na kwamba pesa zitumwe kwa simu kabla ya Ijumaa. Kama kikundi hakina, ajenti alisema, mama auze robo eka, kwani mtoto akifika huko atamnunulia eka kumi.

Akina mama hawakugombana. Walimpigia ajenti simu hapo hapo mkutanoni wakamuuliza mambo matatu. Shule inaitwaje na iko mji gani? Kocha anayemtaka kijana ni nani, na nambari yake ya ofisi ni ipi? Kwa nini pesa ziende kwa jina la mtu na si la shule? La kwanza alijibu kwa kuzunguka. La pili alisema ni siri ya kazi. La tatu alikasirika, akasema watu wa kijiji hawapendi kuona mtoto wa mwenzao akiinuka.

Mkopo haukutolewa. Yule mama alilia, na mpaka leo wako wanachama wanaonong'ona kwamba kikundi kilimfungia mtoto bahati. Hayo ndiyo maumivu ya jambo hili. Ukisema ndiyo unaweza kupoteza shamba, ukisema hapana unaweza kupoteza rafiki.

Lakini liko jambo jingine tuliloliona siku ile. Kijana mwenyewe alikuwa amekaa nje chini ya mti muda wote, na hakuna aliyemuuliza neno. Tulipomuuliza baadaye, alisema anapenda sana kucheza, ila magoti yanamuuma tangu muhula wa kwanza na anaogopa kusema. Watu walikuwa tayari kumtafutia shilingi 350,000 za ndege, na hakuna aliyekuwa amempeleka hospitali.

Basi, kabla ya kusema ndiyo au hapana, inafaa tujue kazi hii ni kazi gani. Tuanze na jirani yetu wa Tanzania.

2. HASHEEM THABEET WA DAR ES SALAAM

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 15, na ni katika umri huo ndipo alipoanza kucheza mpira wa vikapu. Angalieni vizuri hapo. Hakuanza utotoni. Urefu ulitangulia, ujuzi ukaja nyuma. Alifika futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21.

Alikwenda Marekani akiwa bado wa shule ya upili. Hakufika akapokelewa na utajiri. Alipita zaidi ya shule moja, katika zaidi ya jimbo moja, kabla ya kumalizia katika shule ya Kikristo mjini Houston, Texas. Mwaka 2006 aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut na akakaa miaka mitatu. Huko alitajwa mara mbili, mwaka 2008 na 2009, kuwa mlinzi bora wa vyuo vya Marekani, kwa sababu mtu akirusha mpira karibu na kikapu mkono wa Thabeet ulikuwa umeshafika. Mwaka 2009 timu yake ilifika katika nne za mwisho za mashindano ya vyuo.

Mwezi wa Juni mwaka huo timu za ligi kuu ya NBA zilichagua wachezaji wapya. Thabeet alichaguliwa wa pili katika nchi nzima, na timu ya Memphis Grizzlies. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Mshahara wake wa mwaka wa kwanza ulipita dola milioni 4. Hebu fikirini furaha iliyokuwa Dar es Salaam.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Februari 2010, miezi minane tu baada ya sherehe ile, Memphis ilimpeleka timu ndogo ya Dakota Wizards akajifunze zaidi. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kuteremshwa hivyo. Mwaka 2011 alihamishiwa Houston. Mwaka 2012 akahamishiwa Portland, kisha akaenda Oklahoma City ambako alikaa misimu miwili. Mwaka 2014 alihamishwa tena, kwenda Philadelphia, na timu hiyo ikamwacha. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya NBA, kwa wastani wa pointi 2 na kidogo kila mchezo.

Kwa nini? Katika chuo urefu wake peke yake ulitosha. NBA kila mtu ni mrefu, tena ana nguvu, ana mbio, na wengi walishika mpira tangu wadogo. Aliyeanza na miaka 15 alikuwa akiwafukuza watu waliokuwa wametangulia miaka kumi.

Watu wengi wakamcheka. Wakasema, tazameni, nyuma yake walichaguliwa James Harden na Stephen Curry, na hao ndio wakawa nyota. Mpaka leo wako wanaolitaja jina lake kama mfano wa bahati iliyopotea.

Sisi hatukubaliani na kicheko hicho. Baada ya NBA Thabeet hakukaa chini. Alicheza timu ndogo ya Grand Rapids huko Marekani. Mwaka 2017 alikwenda Japani, timu ya Yokohama. Msimu wa 2019 na 2020 alirudi Marekani katika timu ndogo ya Fort Wayne. Kisha akaenda Taiwan, akacheza huko na kuzuia mipira kama zamani, umri umepita miaka 30. Halafu akarudi nyumbani na kuvaa jezi ya Dar City. Huyo ni mtu aliyefanya kazi ya mikono yake kwa zaidi ya miaka kumi, akihama kila ilipopatikana, kama fundi anavyofuata nyumba zinazojengwa.

Tukitaka kujifunza kwake tusiangalie Juni 2009 peke yake. Tuangalie kazi nzima, ya juu na ya chini. Kijana wetu akifaulu, maisha yake yatafanana zaidi na miaka ile ya Yokohama na Taiwan kuliko na siku ile ya kuchaguliwa.

3. SOKO LA WATU WAREFU

NBA ina timu 30. Kila timu ina nafasi 15 za kudumu. Pigeni hesabu: ni watu 450 tu, na dunia nzima inazigombania. Vijana wa Marekani wenyewe wanaomaliza vyuo ni maelfu. Wanaokosa nafasi hufanya nini? Wengine hutafuta kazi nyingine. Wengine, hasa wale warefu, hufunga mizigo na kwenda Italia, Uturuki, China, Japani, Ufilipino na kwingineko.

Huko nako kuna kanuni. Ligi nyingi huweka kikomo cha wageni katika kila timu. Kwa kuwa nafasi za wageni ni chache, klabu hupenda kuzitumia kwa kitu ambacho nyumbani hawana, na mara nyingi kitu hicho ni mtu mrefu. Hapo ndipo mrefu wa Marekani au wa Afrika anapopata mkate wake. Lakini pia ndipo anapobanwa. Mkataba wake huwa wa msimu mmoja, pengine miezi michache. Akiumia goti, klabu haiwezi kungoja, maana nafasi ya mgeni ni ya kushinda sasa. Mwingine anaitwa, naye anarudi nyumbani.

Tena ziko klabu zinazochelewesha mishahara au kukataa kulipa. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka shirikisho la dunia la mchezo huu, FIBA, likaanzisha baraza la kuamua kesi za wachezaji na klabu huko Geneva mwaka 2007. Baraza hilo linasaidia, lakini ni pale ambapo mkataba wenyewe umeandikwa kwamba ugomvi utapelekwa huko. Asiye na karatasi hana pa kushika. Wazee wetu wa ushirika walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho nalo ni mali.

Na mawakala je? FIBA hutoa leseni kwa mawakala, na orodha yao iko wazi kwa yeyote kuiangalia. Chini ya kanuni zake, wakala hulipwa sehemu ya mshahara wa mchezaji, isiyozidi asilimia 10. Maana yake, wakala wa kweli anakula baada ya mchezaji kupata kazi na kulipwa. Hali ng'ombe wa mama kabla kijana hajapanda hata matatu ya kwenda Eldoret.

Kwa upande wa masomo ni hivi. Chuo cha Marekani kinachomtaka mchezaji humpa ufadhili wa masomo chenyewe. Kijana anayekwenda kusoma huhitaji fomu inayoitwa I-20, na fomu hiyo hutolewa na shule yenyewe iliyo na kibali cha serikali ya Marekani. Ajenti hawezi kuiandika nyumbani kwake. Ada ya viza na ya fomu hulipwa kwa serikali ya Marekani, na risiti huwa kwa jina la kijana. Kocha wa kweli hatozi pesa za kumchagua mtu.

4. MANUTE BOL NA MZIGO WA UKOO

Wengine mtasema, sawa, tuseme amefaulu kweli. Je, shida imekwisha? Hapa tumkumbuke Manute Bol, Mdinka wa eneo la Turalei, ambalo sasa liko Sudan Kusini. Alikuwa na futi 7 na inchi 7, mita 2.31. Mwaka 1983 timu ya Clippers ilimchagua, lakini uchaguzi huo ukafutwa kwa sababu hakutimiza masharti. Ilibidi angoje. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Bridgeport, na mwaka 1985 akachaguliwa na Washington Bullets. Msimu wa kwanza alizuia mitupo 397, akawaongoza wote. Alicheza NBA mpaka msimu wa 1994 na 1995, kisha akajaribu kidogo huko Italia na Qatar.

Nyumbani kwao kulikuwa na vita. Bol alitoa sehemu kubwa ya mapato yake kwa wakimbizi na kwa mapambano ya watu wake. Hakuna Mkristo atakayemlaumu kwa moyo huo. Lakini mwaka 2002, akiwa amestaafu na pesa zimekwisha, alikubali kupigana ngumi kwenye televisheni na aliyekuwa mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, ili apate pesa za kuwasaidia watoto wa Sudan. Mwaka 2004 aliumia vibaya katika ajali ya gari. Alifariki mwaka 2010, akiwa bado anahangaikia ujenzi wa shule huko kwao.

Tunajifunza nini? Kwanza, mtu mmoja hawezi kubeba jamii nzima mgongoni, hata akiwa na urefu wa futi 7. Pili, kati ya yote aliyotoa, shule ni kitu kinachoweza kuendelea kufundisha yeye akiwa hayupo. Vikundi vyetu vikumbuke hilo. Kijana akianza kutuma pesa, tusizigawanye zikaishia kwenye mazishi, mahari na madeni ya watu. Sehemu iwekwe kwa jina lake mwenyewe, kwa siku atakaporudi na magoti yamechoka.

5. WA KARIBU ZAIDI

Msidhani tunasema mchezo huu si kitu. Vijana wa Kenya wameupandisha. Februari 2021, mjini Yaoundé, timu yetu ya Morans iliishinda Angola kwa pointi 74 kwa 73, Tylor Ongwae akifunga katika sekunde za mwisho. Kwa ushindi huo na mingine Kenya ilirudi katika mashindano ya AfroBasket, ambayo haikuwa imeyacheza tangu mwaka 1993.

Ongwae mwenyewe alipitia Chuo Kikuu cha Louisiana-Monroe huko Marekani, kisha akacheza kwa malipo Ulaya, ikiwemo klabu ya Bakken Bears ya Denmark. Bush Wamukota, mmoja wa warefu wa Morans, aliichezea Patriots ya Kigali. Tena tangu mwaka 2021 kuna ligi ya klabu za Afrika, inayoitwa BAL, na mwaka 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia humo. Kwa hivyo njia si moja, na si lazima ianzie kwenye ndege ya kwenda Marekani. Iko njia ya shule yetu, timu ya chuo hapa nchini, ligi ya Nairobi, halafu Kigali. Kila hatua mtu anaonekana na watu wengi, na kila hatua kijana anaendelea kupata masomo au ujuzi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Cheti cha kidato cha nne, hata ufundi wa kuchomelea vyuma, ndio mbachao wa kijana. Mchezo ukija, na ukae juu ya huo.

6. HESABU YA KIKUNDI

Sasa turudi kwenye zile shilingi 350,000. Mwenyekiti amwombe mweka hazina aandike hesabu hii mbele ya wote.

Tuseme kikundi kina wanachama 20. Kila mmoja anaweka shilingi 200 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa wiki. Mwaka una wiki 52, kwa hivyo ni shilingi 208,000 kwa mwaka. Shilingi 350,000 ni akiba ya watu 20 kwa karibu mwaka mmoja na miezi minane. Katika muda huo hakuna atakayekopa mbegu, hakuna atakayelipa karo, na mgonjwa akitokea tutaangaliana machoni.

Wakulima wa miwa wa Bungoma wanajua kungoja. Muwa hukaa shambani mwaka na nusu, lakini mkulima anauona kila asubuhi. Pesa iliyotumwa kwa simu ya mtu usiyemjua huioni tena.

Wala tusijidanganye kwamba hawa wadanganyifu hukamata wajinga tu. Mwaka 2023 wazazi wa kaunti jirani ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa masomo ya Finland na Kanada. Wazazi wale walikuwa wamelipa kupitia akaunti iliyokuwa na jina la kaunti, na bado walilia. Jambo hilo lilifika mahakamani. Ikiwa akaunti yenye jina kubwa iliwaumiza, je, simu ya mtu mmoja?

Katika Injili ya Luka sura ya 14 Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Anatuuliza kama mtu huyo hataketi kwanza akahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka. Kuhesabu si kukosa imani. Ni sehemu ya imani.

7. HATUA ZA KUFUATA

Ombi kama lile likija katika kikundi chenu, fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, mwulizeni kijana mwenyewe, mbali na ajenti na mbali na wazazi wenye hamu. Anataka? Anaogopa nini? Mwili wake uko sawa?

Pili, apelekwe hospitali. Kijana anayerefuka haraka akilalamika magoti, mgongo au kifua, asiambiwe ni uvivu. Goti lililoharibika akiwa na miaka 17 halitapata kazi akiwa na miaka 22.

Tatu, mwalimu wa michezo aulizwe. Je, kijana anajua kucheza, au ni mrefu tu? Mwalimu anayemwona kila siku ni shahidi bora kuliko mgeni aliyemwona mara moja barabarani.

Nne, jina la shule ya ng'ambo liandikwe, na mtu anayejua kutumia intaneti atafute anwani na simu ya shule hiyo mwenyewe. Asitumie nambari iliyo kwenye barua ya ajenti. Apige au aandike, aulize kama wanamjua kijana huyu. Parokia nyingi zina mtu wa kusaidia hapo.

Tano, kama ni kazi na si masomo, wakala atafutwe katika orodha ya FIBA. Ofisi yoyote inayopeleka watu kazi ng'ambo inapaswa kuandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kikundi kina haki ya kuuliza.

Sita, pesa zisilipwe kwa mtu binafsi. Zikilipwa, ziwe kwa taasisi, kwa risiti, na nakala ibaki kwa katibu. Akisema "kabla ya Ijumaa", ngojeni Jumatatu. Nafasi ya kweli haiozi kwa siku tatu.

Saba, shamba lisiguswe. Kwa sheria, shamba la kilimo haliuzwi bila kupita Bodi ya Ardhi, na nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mume au mke. Wanakikundi, hasa akina mama, msikubali kutia sahihi gizani.

Nane, kama mmeona ni udanganyifu, semeni. Pelekeni habari kwa chifu na kwa ofisi ya upelelezi ya DCI. Mkinyamaza, ajenti atavuka mto tu, aende kijiji kinachofuata.

Na kama mmeona ni kweli je? Basi msimwache kijana. Kikundi kinaweza kumchangia pasipoti, viatu vya kuchezea na nauli ya kwenda kwenye majaribio Nairobi. Hivyo ni vitu vidogo, vinalipika, na hata safari isipotokea havimwachi mtu bila shamba.

8. YULE KIJANA WA KITALE

Baadhi yenu mtauliza iliishaje. Ajenti alipopigiwa tena wiki mbili baadaye simu yake haikupatikana. Kijana alipelekwa hospitali na daktari akampumzisha kwa muda. Amerudi uwanjani, anacheza timu ya shule, na anajiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Hatujui kama atafika Kigali au Denmark. Mama yake bado ana uchungu na mwenyekiti, ingawa ameanza tena kuja mkutanoni. Wanakikundi waliamua kumtembelea nyumbani, si kumweleza kwamba walikuwa na haki, bali kupalilia mahindi naye. Tunaona huo ndio ushirika. Kusema hapana kwa pesa hakutoshi. Lazima kufuatwe na jembe mkononi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, katika kijiji chetu kuna kijana mwenye kipaji ambaye hakuna mtu mzima anayemsikiliza? Ni nani kati yetu atazungumza naye wiki hii?
2. Tukilinganisha Thabeet mwaka 2009 na Thabeet akicheza Taiwan, ni wapi tunapomwona mtu aliyefaulu? Kwa nini?
3. Manute Bol alitoa karibu kila kitu. Kijana wetu akianza kupata pesa, sisi jamaa zake tunapaswa kumwomba nini, na tusimwombe nini?
4. Kikundi chetu kina kanuni gani juu ya mikopo ya safari? Kama hakuna, tuandike leo: kiasi cha juu, wadhamini, na karatasi zinazotakiwa.
5. Mwanachama akinyimwa mkopo, tunamtendeaje baada ya mkutano?

KAZI YA NYUMBANI

Wanachama wawili waende shule ya upili iliyo karibu, waulize mwalimu wa michezo ni mazoezi gani yanayofanyika na uwanja uko katika hali gani. Vikapu viwili vya chuma na ubao vinaweza kuchomelewa na fundi wa hapa Kitale au Bungoma kwa gharama ndogo sana kuliko zile shilingi 350,000, na wangecheza vijana wote wa kijiji, warefu na wafupi. Leteni majibu katika mkutano ujao.

Tunawatakia kazi njema. Mkikwama mahali, njooni ofisi ya maendeleo ya parokia na daftari lenu mkononi, tutakaa pamoja.